Kayaki ya kwanza ya kuvulia: anza na ngazi za ploti yako

Kayaki yangu ya kwanza, mtumbwi mwembamba wa plastiki wa kupiga kasia, ilikwama kwenye kona ya ngazi, kati ya orofa ya kwanza na ya pili, Jumamosi moja saa mbili usiku. Mita 3.9, kilo 38 bila kiti. Tulikuwa watu watatu. Tukaisimamisha, tukailaza, tukaigeuza tumbo juu, rangi ya ukuta ikabanduka. Soja akaja na tochi, akaimulika mwanzo hadi mwisho, akasema, "Mkubwa, hii jahazi yako haipandi." Na kweli haikupanda. Ilikaa kwa rafiki yangu Ruiru miezi saba, na kila nilipotaka kuvua ilibidi niende Ruiru kwanza, ndipo nirudi kushika barabara ya kwenda Ziwa Naivasha. Nilivua mara tatu tu, nikaiuza.

Ndiyo maana mwongozo huu hauanzi na samaki.

Hatua ya 1: Pima nyumba na gari

Kayaki nyingi za kuvulia zinazomfaa anayeanza zina urefu wa mita 3 hadi 3.6 na upana wa sentimita 75 hadi 90. Tafuta mwanzi au paipu ya plastiki ya mita 3.2, ufunge katikati kijiti cha sentimita 80 upate msalaba, kisha upande nao ngazi hadi mlangoni kwako. Majirani watakucheka, lakini jibu utalipata kabla hujatoa shilingi.

Ukifika ndani, tafuta pa kuiweka pasipopigwa na jua, kwa sababu jua huichosha plastiki ikaanza kupasuka. Ilaze ubavu au kifudifudi. Ukiiacha miezi kadhaa imekalia tumbo sehemu moja, itabonyea.

Msalaba usipopita, nunua ya kujazwa hewa. Siidharau hata kidogo: inaingia kwenye buti, na zile zenye sakafu ngumu zimetulia majini. Ila upepo huisukuma kama mfuko wa nailoni, ni lazima uikaushe kabla ya kuikunja, na ukingo wa Naivasha una migunga. Mwiba mmoja wa mgunga, safari imeisha. Beba viraka.

Hatua ya 2: Amua utavua maji gani

Kila anayeanza hapa Nairobi huniambia Naivasha. Ni karibu, kilomita 90 hivi, na tilapia wapo. Viboko nao wapo, na wameua wavuvi waliokuwa kwenye mashua kubwa kuliko hiyo unayotaka kununua. Kiboko hula nyasi nchi kavu usiku na kurudi majini alfajiri. Kwa hiyo ile saa kumi na mbili asubuhi tuipendayo wavuvi ndiyo saa naye anakata njia kuelekea majini, na ukiwa umeegesha kando ya mafunjo umemzibia mlango wake. Mimi siingii kabla ya saa mbili na nusu, sikaribii mafunjo, na siendi bila mvuvi wa pale anayejua viboko wamelala wapi wiki hiyo. Kufikia saa sita natoka, kwa kuwa mchana upepo huamka na kurudi ufukoni kunageuka kazi ya mjengo. Bwawa la Masinga nalo lina viboko na mamba pia.

Miezi ya kwanza tafuta bwawa la shamba la kahawa upande wa Kiambu au Ruiru, kwa ruhusa ya mwenyewe. Kwenye ziwa, muulize afisa wa uvuvi kuhusu leseni na kama uvuvi haujafungwa.

Hatua ya 3: Chagua umbo

Kuna ya kuingia ndani, miguu ikafichwa, na kuna ya kukalia juu. Chukua ya kukalia juu. Ina vitundu vinavyopita hadi chini, hivyo maji yakirukia ndani yanajitoa yenyewe, na ukianguka unapanda tena bila kuhitaji kuchota maji. Ile ya kuingia ndani ikijaa, utakuwa umekumbatia beseni.

Upana ndio utulivu. Chini ya sentimita 75 utakuwa unahangaika na makalio yako badala ya ndoano. Zikizidi 90, kila pigo la kasia ni jasho. Fupi kuliko mita 3 huyumba kushoto na kulia kila ukipiga kasia. Za kanyagio ni nzuri kwa vile mikono inabaki huru, lakini ni ghali na nzito, na magugu maji hunasa mapezi yake. Ziache kwanza.

Hatua ya 4: Fanya hesabu ya kilo

Mtengenezaji huandika mzigo wa juu kabisa. Usiufikie, tumia kama asilimia 70 tu. Mimi nina kilo 84, vifaa 15, maji na chakula 5: jumla 104. Gawanya kwa 0.7, unapata karibu 149, kwa hiyo natafuta iliyoandikwa 150 au zaidi.

Kisha uzito wa kayaki yenyewe. Iinue mwenyewe pale dukani, hadi kiunoni, utembee nayo hatua ishirini. Muuzaji akikimbilia kukusaidia, mwambie aache. Saa kumi alfajiri hatakuwepo.

Hatua ya 5: Ikiwa ni mtumba

Nzuri nyingi hutoka kwa wageni wanaorudi kwao. Kwanza tazama chini, upande wa mkia, ambako huchakaa kwa kuburutwa. Pili, pitisha kidole ndani ya kila kitundu, kwa kuwa nyufa hupenda kuanzia hapo. Tatu, ipandishe juu ya stuli mbili, ufungue mfuniko, umimine ndoo moja ya maji ndani, kisha unywe chai. Baada ya dakika kumi pangusa tumbo lake kwa kitambaa kikavu. Hata tone moja ni sababu ya kuondoka. Wapo watakaokuambia plastiki huchomelewa. Ni kweli, lakini mwachie anayeuza atafute fundi.

Hatua ya 6: Bakisha pesa za kasia na jaketi

Kwa kayaki ya sentimita 80 na kitu, kasia la sentimita 240 linatosha. Jaketi la kuokolea liwe na mgongo uliokatwa juu, lisigongane na kiti, na lije na filimbi. Livae uketi nalo; likikupanda hadi masikioni, ni kubwa.

Hatua ya 7: Kuifunga juu ya gari

Hapa ndipo blada, zile kamba za mpira wa tyubu, hutuponza. Blada hufunga gunia la viazi vizuri sana, lakini hunyooka. Kwenye mteremko wa kuelekea Mai Mahiu upepo uliinua pua ya kayaki juu ya Probox tuliyokodi, nami nikiiona kupitia kioo cha mbele ikinyanyuka na kushuka kama inaniitikia. Tumia mikanda miwili yenye bizimu, uisokote msokoto mmoja isilie njiani, na pua uifunge kamba hadi kwenye ndoano ya kukokotea chini ya bampa. Simama baada ya kilomita kumi, ukaze upya.

Hatua ya 8: Anguka kwa makusudi

Siku ya kwanza acha fimbo ya kuvulia nyumbani. Nenda mahali maji yanakufika kifuani, vaa jaketi, mwenzako asimame kando, kisha pindua. Kupanda tena usijaribu kujivuta wima. Shika kingo zote mbili, acha miguu ielee nyuma, upige mateke hadi kifua kilale juu, kisha ugeuke makalio yatafute kiti. Rudia mpaka uweze mara tatu mfululizo bila kuguswa. Mimi siku hiyo niliweza mara moja, fimbo ikabaki nyumbani wiki mbili zaidi.