SOMO: Nyumba ya familia isiyo na joto Dar, kabla hujawaza AC wala sola

Wakuu, swali ni lile lile kila wiki: "Nimehamia, ndani joto halikaliki, nifunge AC ya ukubwa gani?" Naandika mara moja, ili atakayeuliza tena nimwelekeze hapa.

1. Kiwanja kipimwe, kibali cha ujenzi kitoke halmashauri.

2. Uelekeo. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta. Saa sita mchana jua liko juu sana mwaka mzima, upenu wa kawaida unalikata. La kuogopa ni la magharibi. Kuanzia saa tisa alasiri linaingia chinichini hadi kitandani, na ukuta wa tofali uliopata moto unalitoa joto hilo usiku. Nyumba iwe ndefu mashariki kwenda magharibi. Magharibi weka stoo, choo, ngazi.

3. Upepo. Kusi hutoka kusini-mashariki, kaskazi kaskazini-mashariki. Kila chumba kiwe na dirisha kwenye kuta mbili. Ikishindikana, acha tundu juu ya mlango hewa ipate pa kutokea. Dirisha la aluminiamu la kuteleza hufunguka nusu tu. La bawaba hufunguka lote.

4. Paa. Hapa someni taratibu. Kontempo, yaani nyumba ya kisasa ya paa la kuficha, ambayo ukuta hupandishwa juu kulificha bati, inapendeza kwenye picha, lakini bati halitokezi nje, kwa hiyo ukuta na madirisha vinabaki bila kivuli. Nyuma ya ule ukuta wa juu kuna mfereji wa zege. Majani ya mwembe yakiziba tundu wakati wa masika, maji hayana njia nyingine, yanashukia kwenye dari ya jipsam. Ukiing'ang'ania: mfereji uwe na mteremko, matundu ya kutolea maji yawe zaidi ya moja, na tundu la dharura liwe chini kuliko ukingo wa bati. Kila dirisha lipate kivuli cha zege. Acha pia matundu ya hewa yenye wavu pande mbili, maana hewa moto iliyonaswa kati ya bati na dari ndiyo inayowakaanga usiku. Usikubali fundi akuambie "tutatoboa baadaye".

5. Maji ya mvua, yakinge. Paa la mita za mraba 100, mvua ya milimita 10, ni kama lita 1,000. Ya mwanzo yamwage, yana vumbi.

6. Sola mwisho. Feni ya dari hula kama wati 70, AC ya BTU 12,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza) kama wati 1,000. Nyumba ikishapoa yenyewe, paneli chache zinatosha.

MASWALI

Kijana wa Chanika: Mkuu, sebule yangu ni mita 5 kwa 6, nifunge AC gani?
— Soma hatua ya 2 hadi ya 4, kisha niambie dirisha linatazama wapi.

Fundi Kivule: Acha kuchafua kontempo. Zinavuja kwa sababu ya mafundi wabovu.
— Sijasema zote zinavuja. Yako ina matundu mangapi ya kutolea maji?

Mama Wawili: Shikamoo kaka. Nyumba imeshaisha, sebule inatazama magharibi. Mapazia mazito yatasaidia?
— Marahaba dada. Kidogo tu, kwa sababu joto likifika kwenye pazia limeshaingia ndani. Kivuli kiwe nje ya kioo. Simamisha nguzo mbili mbele ya dirisha, tandaza nyaya, panda pesheni. Mwarobaini nao ni mzuri, ila mbali na msingi na shimo la maji taka. Halafu mwite fundi atoboe matundu ya hewa chini ya bati pande zote mbili. Hilo ndilo la kwanza ukipata hela.

Mama Wawili: Na bati? Langu ni jeusi.
— Swali zuri sana. Jeusi hunyonya joto, jeupe hulirudisha. Likifika wakati wa kupaka upya, chagua rangi nyepesi.

Mvuvi Kigamboni: Kwenye pesheni, walio karibu na bahari wasitumie waya, chumvi inaula. Kamba ya nailoni.
— Asante mkuu. Na bawaba za madirisha huko ziwe za chuma kisichoshika kutu.

Mvuvi Kigamboni: Za kwangu nazipaka grisi kabla ya kusi kuanza. Zinafunguka vizuri.