SOMO: Kupanga likizo ya skii Zermatt bila kuuza kiwanja

Wakuu salaam. Kila ikikaribia Desemba napigiwa simu na ndugu, au rafiki wa ndugu: "Dada, tunataka kuja kuteleza kwenye theluji, tuandae shilingi ngapi?" Naishi Uswisi na wageni wa nyumbani nimeshawapeleka Zermatt mara kadhaa, kwa hiyo leo naandika yote, simu ipumzike.

Zermatt ni mji wa wenye nazo, chini ya Matterhorn, ule mlima wa ncha iliyopinda wenye mita 4,478. Ghali ni ghali, sidanganyi. Ila hela nyingi huliwa na kupanga kinyumenyume: mtu anakata tiketi ya ndege, analipia hoteli, halafu ndiyo anaulizia viza.

Hatua ya 1: Tarehe. Krismasi hadi mwaka mpya, na Februari shule za Ulaya zinapofunga, bei hupaa na foleni hazisogei. Chagua Januari baada ya wiki ya kwanza, au nusu ya pili ya Machi. Mgeni wa kutoka pwani mimi nampeleka Machi, kuna jua. Januari unaweza kumlipia mtu safari nzima akaishia kukaa na blanketi dirishani.

Hatua ya 2: Viza na bima. Uswisi haimo Umoja wa Ulaya lakini imo Schengen, kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, mwisho siku 15 kabla, na huo mwisho usiusubiri. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, na bima isipungue euro 30,000. Kwenye bima hapo soma kila mstari: inagharamia michezo ya theluji na kuokolewa mlimani? Ukivunjika mguu juu kule helikopta inakuja haraka kweli, na bili nayo haichelewi. Hoteli weka ile inayoruhusu kughairi bila kukatwa, mpaka pasipoti irudi mkononi.

Hatua ya 3: Kufika na kulala. Magari ya mafuta hayaingii Zermatt, utaona vigari vidogo vya umeme tu. Kutoka uwanja wa ndege wa Zurich ni treni, unabadilisha Visp, jumla kama saa tatu na nusu. Siri yenyewe ni Täsch, kijiji cha mwisho magari yanapoishia. Vyumba vyake ni nafuu, na treni hadi Zermatt ni dakika 12. Chakula cha mchana beba. Duka la Coop liko mkabala na stesheni.

Hatua ya 4: Viatu. Skii (zile mbao ndefu za kutelezea), fimbo, viatu na helmeti ni vya kukodi, usinunue. Suruali na koti visivyopitisha maji azima kwa anayeishi huku. Sasa kiatu. Kile kiatu ni kigumu kama mguu umefungwa plasta, ukitembea nacho unafanana na roboti. Wageni wengi husema "kinabana, nipe kikubwa". Mimi nilifanya hivyo mara yangu ya kwanza na kijana wa dukani akanipa bila kuuliza. Mguu ukacheza ndani siku nzima, jioni kucha ya kidole gumba imeshakuwa nyeusi. Kiatu sahihi hivi: ukisimama wima vidole vinagusa mbele, ukikunja magoti vinaachia, na kisigino hakinyanyuki. Soksi moja tu, ndefu. Mbili zinajikunja na kukuchuna.

Hatua ya 5: Mwalimu kwanza, pasi kubwa baadaye. Pasi ya lifti za milima yote inakaribia faranga 100 kwa siku msimu ukikolea, na anayeanza hawezi kuitumia hata robo. Siku mbili tatu za mwanzo lipia mwalimu na eneo la wanaojifunza pale Sunnegga, unapanda kwa treni inayopita ndani ya mlima. Utafundishwa kuzileta ncha za skii karibu na kutanua nyuma, kama kipande cha pizza. Hiyo ndiyo breki. Ukiogopa mwili utataka kuegemea nyuma, na ukiegemea nyuma ndiyo unaongeza mwendo. Sukuma goko mbele kwenye kiatu. Njia za buluu ni rahisi, nyekundu za kati, nyeusi waachie wenyewe.

Karibuni maswali.

Swali: Dada, mimi na mke wangu hatutaki kuteleza, tunataka picha tu. Inalipa?

Inalipa sana, kaka. Pandeni treni ya Gornergrat, imeanza kazi mwaka 1898 na inafika mita 3,089. Mkishuka, kutoka stesheni ya Rotenboden hadi ya Riffelberg kuna njia ya kigari cha kukalia cha theluji. Shemeji atacheka mpaka alie.

Swali: Sisi Waislamu tutakula nini huko?

Fondue iache, jibini yake hupikwa na mvinyo mweupe. Raclette ni jibini ya kuyeyushwa juu ya viazi, ila uliza kama sahani ina nyama ya nguruwe. Rösti, yaani viazi vya kukwaruza vilivyokaangwa, pia ulizia, mara nyingi hutiwa bekoni.

Swali: Nasikia unaweza kuteleza hadi Italia?

Ndiyo, unashukia Cervinia. Unahitaji pasi inayojumuisha upande huo, na pasipoti mfukoni. Upepo ukivuma lifti za juu hufungwa, na ukikosa ya mwisho, kurudi kwa teksi ni safari ya saa kadhaa kuzunguka milima. Saa nane mchana anza kugeuza.

Swali: Mkuu, sisi wa Moshi barafu ya Kibo tunaiona tukinywa chai. Kuna jipya gani?

Shemeji yangu wa Marangu alisema hivyohivyo. Kile kibanda kinachoning'inia kwenye waya kinakupandisha moja kwa moja hadi kilele cha Klein Matterhorn, mita 3,883. Kambi ya Horombo kule Kilimanjaro ni 3,720, na nyie Horombo mnaifikia siku ya pili kwa miguu. Alishuka kibandani akapiga hatua kumi, akakaa kwenye benchi akaomba maji.