Unataka kusomea uuguzi Tanzania? Anza na cheti cha kidato cha nne

Kabla ya kulipia fomu ya chuo, angalia masomo matatu: Kemia, Biolojia na Fizikia. Stashahada ya Uuguzi na Ukunga, miaka 3, inadai ufaulu wa angalau D katika masomo manne yasiyo ya dini, na hayo matatu lazima yawemo. Hapa ndipo wengi wanapokwama: B ya Biolojia haifuti F ya Fizikia. Dawa yake ni kurudia mtihani wa somo hilo NECTA (Baraza la Mitihani) kama mtahiniwa wa kujitegemea. Usikubali kabisa chuo kinachokwambia "njoo tu, tutarekebisha mbele ya safari".

Aliyemaliza kidato cha sita kwa PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) anaweza kwenda moja kwa moja shahada: miaka 4, kisha mwaka 1 wa mafunzo kazini hospitalini. Mwenye stashahada naye mlango wa shahada uko wazi, ila GPA (wastani wa alama za chuo) iwe 3.0 au zaidi, kwa hiyo usizembee masomoni.

Usajili wa chuo thibitisha NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi na mafunzo ya ufundi stadi, na uangalie kozi yenyewe ya uuguzi, si jina la chuo pekee. Kozi isiyotambuliwa itakuzuia kufanya mtihani wa leseni wa Baraza la Uuguzi na Ukunga, na bila leseni huruhusiwi kumhudumia mgonjwa.

Linganisha pia majina kwenye cheti cha kuzaliwa na cha NECTA, herufi kwa herufi. Yakitofautiana, shughulikia hati ya kiapo mapema.