Kupima dondoo la likeni kwa ute wa yai (blanki ndiyo kazi yenyewe)

Kipimo hiki huangalia kama dondoo (kiini kinachobaki baada ya kuloweka na kuchuja) la likeni, kiumbe cha kuvu na mwani walioungana, huzuia protini ya yai isigande kwa joto. Ni chekeche la kwanza la dawa ya mchochota, yaani uvimbe na wekundu wa mwili. Blanki ni neli isiyo na yai, ya kuonyesha ukungu usiotokana na yai.

Juzi kijana wa mwaka wa tatu aliniletea jedwali lake akiwa amekata tamaa: kadiri alivyoongeza dondoo, ndivyo protini ilivyoonekana kuzidi kuganda. Sikushangaa. Kosa hilo hilo la blanki liliwahi kunila siku mbili.

1. Tafuta likeni ya Usnea, zile ndevu za kijani-kijivu zinazoning'inia mitini huko milimani. Ndani ya hifadhi usichume bila kibali. Kausha kivulini, toa magome, saga.

2. Loweka gramu 10 kwenye asetoni mililita 100 kwa saa 24, chuja, acha asetoni ivukie hewani, mbali na moto. Usichemshe kwa maji. Asidi ya usniki, kemikali ya njano iliyomo kwenye Usnea, haiyeyuki majini ila kidogo mno.

3. Yeyusha dondoo kwa DMSO kidogo (kiyeyushi kinachochanganyika na maji), kisha lizimue kwa bafa (mmumunyo unaotunza pH). Kila neli: ute wa yai bichi ml 0.2, bafa ya fosfeti (pH 6.4) ml 2.8, dondoo ml 2. Ute unavutika kama mlenda, kwa hiyo uchuje kwanza kwa kitambaa. Nyuzi 37 dakika 15, nyuzi 70 dakika 5, poza, soma ukungu kwa spektrofotomita kwenye nm 660. Weka na neli za diklofenaki, dawa ya mchochota, za kulinganishia, na kontroli, yaani neli yenye yai lakini isiyo na dondoo.

4. Blanki. Joto huigandisha protini, neli ikafanya ukungu. Dondoo zuri hupunguza ukungu huo. Sasa, dondoo la likeni likikutana na bafa nalo hukatika kama maziwa yaliyochacha, na mashine haijui ukungu wa yai ni upi na wa likeni ni upi. Kwa hiyo kila kiwango cha dondoo kiwe na blanki YAKE: kila kitu kasoro yai, badala yake bafa ml 0.2, ipashwe moto vilevile. Blanki moja kwa neli zote haifai, hata kama mwongozo wa maabara yenu unasema hivyo. DMSO iwe sawa kila mahali, kontroli pia. Tikisa kabla ya kusoma, maana ukungu hutuama. Na kabla ya kupasha moto, shika neli mbele ya gazeti: herufi zisiposomeka, punguza dondoo.

5. Toa somo la blanki, kisha (kontroli − sampuli) ÷ kontroli × 100: hiyo ndiyo asilimia ya kuganda iliyozuiwa. Wapo wanaoigeuza kanuni hii. Mimi siikubali, maana inasifu ukungu unaoongezeka.

6. Hili ni chekeche tu. Dondoo likipita, nenda kwenye seli za RAW 264.7 (seli za kinga za panya) zilizochochewa kwa LPS, kipande cha ukuta wa bakteria, upime naitraiti, dalili ya mchochota, kwa kitendanishi cha Griess. Siku hiyohiyo fanya MTT, kipimo cha seli zilizo hai: asidi ya usniki huua seli, na seli iliyokufa haitoi naitraiti, ukadhani umepata dawa ya mchochota.