Kurepea viti vya zamani Kisumu: vile unaweza kuanza na pesa kidogo

Kama unajua useremala hata kidogo usikimbilie kulipa rent ya duka, anzia kwa veranda yako ama upatane na fundi wa soko la Kibuye akuachie kakona, ile pesa ya rent nunua klampu mbili (vile vibano vya kukaza mbao), patasi, nyundo ya mpira, gundi ya mbao na msasa.

Nyumba nyingi huku ziko na kiti cha mvule cha babu, miguu imelegea na hakuna mtu ana roho ya kukitupa. Hiyo ndio kazi yako. Mafundi wengi wanagonga tu msumari, na tafadhali wewe usifanye hivo, msumari unapasua ule ulimi wa mbao unaoingia kwa shimo la kiungo, baadaye mguu unalegea tena na sasa hakuna kitu ya kushikia. Toa kiungo polepole, kwangua gundi yote ya zamani mpaka uone mbao safi, kwa sababu gundi mpya haishiki juu ya ile nzee, paka, rudisha, kaza na klampu, kama huna zungusha blada ya tyubu ukivuta sana mpaka gundi itokee kando, pangusa na kitambaa kibichi uache hadi kesho. Usikikalie kujaribu!

Msasa anza na namba 80, 120, malizia 240, na ufuate nyuzi za mbao. Vanishi usipake mvua ikinyesha, nilipakia mama mmoja meza mwezi wa nne ikavuta weupe kama ukungu, nikakwangua yote upya, siku tatu zikaenda.

Kuhusu bei, usitaje kitu kwa simu. Geuza kiti juu chini mwenyewe akiona, tafuta vishimo na unga wa fukusi (wadudu wanaotoboa mbao), piga picha, andikeni kasoro zote kwa risiti na aweke sahihi. Hesabu vifaa, siku zako na mkokoteni, chukua nusu kwanza. Leseni ya kaunti, ulizia kwa ofisi ya kaunti kabla uanze.

Na kastoma akipotea usiuze kiti chake kwa hasira, Kenya kuna sheria ya vitu visivyochukuliwa, Sura ya 38, mpe notisi ya maandishi kwanza, uweke kopi.

Kiti cha kwanza kifanye cha kwenu, piga picha kabla na baada, weka kwa status ya WhatsApp jioni watu wakiwa wametoka kazi.