Jinsi ya kuipima raketi ya padeli uwanjani kabla hujailipia

Raketi nyingi za padeli, mchezo wa wavu unaochezwa wawili wawili katika uwanja uliozungukwa na vioo na uzio, hununuliwa kwa smeshi, yaani pigo la juu la nguvu. Mtu anapewa raketi ya majaribio, anapiga mipira mitano ya juu kwa nguvu zote, mmoja unaruka uzio, basi analipa. Wiki ya pili anashangaa mbona mipira inayotoka kwenye kioo inamfia miguuni. Kwa mchezaji wa kawaida smeshi za kumaliza pointi ni chache. Kazi kubwa ya raketi ni voli (kupiga mpira kabla haujadunda), lobu (mpira wa juu unaowapita wapinzani vichwani) na kujihami nyuma, na ndiyo maana jaribio hili limeyapa hayo muda mwingi na smeshi muda mdogo.

Tenga saa moja na nusu, tafuta mwenzako mmoja wa kukurushia mipira, na uje na raketi yako unayoitumia sasa. Bila raketi ya kulinganishia utaondoka na hisia tu.

Hatua ya 1: Pima na kagua nje ya uwanja

Weka raketi kwenye mizani ya jikoni. Lebo huandika uzito kwa masafa, mfano gramu 360 hadi 375, maana yake raketi mbili za modeli moja zinaweza kupishana kwa gramu 10 na zaidi. Unayoijaribu siyo lazima iwe na uzito wa ile utakayofungiwa dukani, kwa hiyo andika namba.

Halafu tafuta kitovu cha uzito. Laza raketi juu ya ukingo wa rula nene, isogeze mpaka itulie bila kuinamia upande wowote, kisha pima kwa tepu kutoka kitako cha mpini hadi hapo. Nyingi huangukia kati ya sentimita 25 na 27. Kadiri namba inavyopanda ndivyo kichwa kinavyokuwa kizito: smeshi inapata nguvu, lakini mkono unachelewa kwenye voli za haraka.

Hakikisha raketi zote mbili zimevaa sawa. Utepe mmoja wa ziada kwenye mpini una kama gramu 5, na kwa raketi ya gramu 365 unashusha kitovu kuelekea mkononi kwa karibu milimita 3. Kinga ya plastiki ya gramu 8 inayobandikwa kichwani inakipandisha kwa karibu milimita 4. Ukilinganisha yenye kinga na isiyo nayo, unachokipima ni kinga.

Raketi za majaribio hupita mikono mingi. Igonge fremu kwa kifundo cha kidole ukiizunguka yote. Mlio ukibadilika ghafla sehemu moja, ukawa mfu au wa kukwaruza, pana ufa ndani, omba nyingine. Na muuzaji akikutajia kaboni ya 3K, 12K au 18K kama ngazi za ubora, msikilize kwa adabu tu. Hiyo K ni maelfu ya nyuzi ndogo zilizomo katika uzi mmoja wa kitambaa. Ugumu wa raketi unategemea pia idadi ya tabaka, gundi na povu la ndani, na hayo utayajua kwa kupiga.

Hatua ya 2: Funga kila kitu kingine kisibadilike

Fungua kopo jipya la mipira na utumie mipira hiyohiyo kwa raketi zote mbili. Kwa kanuni, mpira ukiangushwa kutoka mita 2.54 unapaswa kudunda kati ya sentimita 135 na 145. Mpira uliopoteza presha huifanya kila raketi ionekane ngumu.

Mahali nako kuna neno. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi na mpira unakimbia. Kanuni zinaruhusu mipira yenye mdundo mdogo kwa viwanja vilivyo juu ya mita 500. Raketi laini inayokuridhisha Dar es Salaam au Mombasa inaweza kukutupia mipira kwenye kioo cha wapinzani ukifika Nairobi, na yenyewe haina kosa. Jaribu kule unakochezea.

Jaribu pia saa ileile unayochezea. Povu la ndani hulainika kwa joto na kukaza kwa baridi, kwa hiyo raketi ya saa nane mchana pwani siyo raketi ya saa mbili usiku. Iliyotoka kwenye buti la gari lililokuwa juani usiijaribu mpaka ipoe kivulini. Usiku wa pwani futa umande kwenye kioo. Kikilowa, mpira unateleza kushuka na Hatua ya 4 haitakuwa na maana.

Hatua ya 3: Mipira ya chini bila kioo

Pasha moto kwa dakika 10 ukitumia raketi yako. Kisha simama kwenye mstari wa sevu (wa kuanzishia mpira), mita 6.95 kutoka wavuni, mwenzako akurushie kwa mkono. Piga 10 kulia na 10 kushoto kwa raketi yako, halafu idadi hiyohiyo kwa ngeni, halafu rudia kwa yako. Mzunguko huo wa mwisho wengi huuruka, wakati ndio unaokuonyesha kama ulipiga vizuri kwa sababu ya raketi au kwa sababu mwili ulishapata moto.

Piga kwa nguvu ya wastani, ileile kila mara. Hesabu iliyodunda nyuma ya mstari wa sevu wa upande wa pili, iliyodunda mbele yake, na iliyogonga kioo bila kudunda. Hapo unapima mtoko, yaani kasi ambayo raketi yenyewe inaupa mpira bila wewe kuongeza.

Hatua ya 4: Mipira inayotoka kwenye kioo

Usiiharakishe hatua hii. Mwenzako arushe mpira udunde karibu na mstari wa sevu wa upande wako, ugonge kioo cha nyuma chini ya kiuno na urudi taratibu. Mpira huo hauna kasi ya kuazima, kwa hiyo nguvu yote inatoka kwako na kwenye raketi. Ujibu kwa lobu, 10 kila upande, ukilenga ukanda wa mita 3.05 kati ya mstari wa sevu na kioo cha wapinzani.

Angalia aina ya makosa kuliko idadi yake. Lobu zikiwa fupi zote kwa kiasi kinachofanana, raketi ni ngumu kwa kasi ya mkono wako, na unaweza kuizoea ukiwa tayari kuvuta mkono zaidi. Zikiwa moja fupi, moja ndefu, moja fupi tena, kiini cha raketi, yaani sehemu ya uso inayopiga vizuri zaidi, ni kidogo: mpira ukikipata unaruka, ukikikosa unakufa. Kasoro hii ya pili mazoezi hayaiponyi upesi. Raketi za kichwa cha almasi huangukia humo mara nyingi, kwa sababu kiini chake kiko juu na ni chembamba. Za duara kiini chake kiko katikati na husamehe zaidi. Za umbo la tone hukaa baina ya hizo mbili.

Mwishoni omba mipira mitano ya chini kabisa, karibu na kona. Hapo huna nafasi ya kuvuta mkono, unaweka raketi tu. Kama mpira unavuka wavu kwa kusukumwa kidogo, utakuwa na kimbilio siku ukibanwa.

Hatua ya 5: Voli kwa chaki

Simama mita 2 hadi 3 kutoka wavuni. Saga chaki, viringisha mipira kwenye unga wake, kisha piga voli 10 kulia na 10 kushoto. Kila mguso unaacha doa kwenye uso wa raketi; piga picha kwa simu, futa, endelea na raketi ya pili. (Uso mweupe hauonyeshi chaki nyeupe, tumia ya rangi.)

Madoa yakikusanyika chini, karibu na shingo, au pembeni, unachelewa, na sababu ya kawaida ni kichwa kizito. Kisha linganisha madoa na mipira ilikoangukia. Raketi nzuri kwako ni ile ambayo doa likiwa sentimita 3 nje ya katikati mpira bado unakwenda na raketi haijipindi mkononi. Ikijipinda hata ukiwa umeishika sawasawa, angalia unene wa mpini kabla ya kuilaumu: mpini mwembamba hukulazimisha ukaze vidole, na mkono ulioukaza ndio unaoanza kuuma kiwiko.

Malizia kwa dakika mbili za voli za haraka, ana kwa ana na mwenzako wavuni.

Hatua ya 6: Bandeja, víbora, na smeshi mwishoni

Bandeja 10 (pigo la juu la kuukata mpira, yaani kuuzungusha, bila nguvu nyingi), víbora 10 (la namna hiyo, ila kali zaidi na la kukata pembeni). Tazama mpira baada ya kugonga kioo cha nyuma. Uliokatwa vizuri unatoka chini na kuangukia karibu na kioo. Ukirudi hadi mstari wa sevu kwa urefu wa kiuno, haukukatwa. Uso wenye chembe za mchanga husaidia kukata ungali mpya, lakini chembe hizo huchakaa, kwa hiyo usizilipie bei kubwa.

Smeshi 10 zinatosha. Hesabu zilizotoka juu ya uzio au kurudi upande wako.

Hatua ya 7: Ukiwa umechoka

Cheza seti moja kwa kila raketi, upande wako wa kawaida na mwenzako yuleyule. Mtu wa pembeni aandike makosa kwa mafungu manne: ndefu, wavuni, fremu, kuchelewa. Makosa ya kuchelewa yakiongezeka geimu za mwisho kwa raketi ngeni peke yake, ni nzito kwako hata kama dakika ya kwanza ilikuwa tamu. Maumivu upande wa nje wa kiwiko yakianza, simamisha jaribio siku hiyo. Ugumu wa raketi na kichwa kizito vyote viwili huongeza mtikisiko unaofika kwenye mkono.

Raketi mpya kabisa huwa imekaza kidogo na hulegea baada ya saa kadhaa za kucheza, hivyo tofauti ndogo ya mtoko isikutishe. Zikilingana kwa kila kitu isipokuwa kuchelewa, ongeza utepe mmoja kwenye mpini wa ile ngeni na urudie Hatua ya 5 peke yake.