Kwenda Takwa na watoto wadogo: mwongozo kwa mawifi zangu wa Tanga

Mawifi zangu wa Tanga, kila wakipanga kuja Lamu, huniuliza tukishapumzika tuwapeleke wapi watoto kwa siku moja. Takwa, huwaambia, kisiwani Manda. Watoto watapanda mashua, watapita katikati ya mikoko, watafika kwenye mji wa kale wanakoweza kukimbia bila kumwogopa punda kama huku mitaani kwetu. Ila Takwa haiendewi kwa saa ya mkononi. Huendewa kwa maji, na mwenye watoto wadogo ndiye anayepaswa kulishika hilo kuliko mtu mwingine yeyote.

Hori linaloingia Takwa, yaani mkono wa bahari, ni jembamba na kina chake ni kifupi. Maji yakijaa mashua hupita. Yakipwa hubaki matope, na aliyechelewa kutoka hungoja mpaka maji yarudi, yaani saa nyingi na mtoto mwenye njaa na usingizi. Basi kabla ya kutafuta chombo, ulizeni leo ni tarehe ngapi ya mwezi wa Kiislamu. Tarehe nane, tisa na kumi maji hujaa karibu na adhuhuri, na vivyo hivyo ishirini na tatu hadi ishirini na tano. Hizo ndizo siku za watoto: mnaondoka asubuhi baada ya chai, mnarudi alasiri. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu ni bamvua. Maji hujaa sana, lakini alfajiri na tena jioni, na mchana hori huwa kavu. Kila siku maji huchelewa kama dakika 50 kuliko jana yake, kwa hiyo mkiahirisha safari, hesabuni upya. Nahodha atawapa saa yenyewe. Mwulizeni mambo mawili: tunaingia saa ngapi, na mwisho wa kutoka ni saa ngapi. La pili ndilo la maana zaidi.

Bei patana nayo mkiwa bado gatini, iwe ya chombo kizima, kwenda na kurudi pamoja na kungoja, na ulizeni kama chakula kimo. Kisha ombeni kuyaona majaketi ya kuokolea. Msikubali kuambiwa "yapo." Mvishe mtoto, funga kila kamba, halafu shika jaketi mabegani na umnyanyue kidogo. Likipanda mpaka masikioni na kidevu kikazama ndani, hilo ni la mtu mzima, na majini litamtoka. Nahodha mwema ataleta dogo au atakwenda kuliazima kwa mwenzake. Asiyetaka kuhangaika, mwacheni, tafuteni mwingine. Katika hili sina subira hata kidogo, maana nimeona watoto wa watu wakipakiwa na jaketi limekunjwa chini ya ubao kama mto wa kukalia.

Kwa watoto wa chini ya miaka mitano napenda mashua yenye injini na turubai la kivuli. Mashua ya tanga ni raha, lakini mwendo wake ni wa upepo. Mkienda kwa tanga, watoto wakae chini kabisa, mbali na foromali, boriti inayoshika tanga, inapogeuzwa. Miezi ya kusi inapovuma kwa nguvu, Juni na Julai hasa, vaeni nguo za kufunika mwili, kwani rasharasha huwapiga watoto baridi hata jua likiwaka. Kaskazi, Desemba mpaka Machi, ndiyo yenye siku njema.

Mkiingia horini, mwambieni nahodha apunguze mwendo. Hapo ndipo watoto wangu hunyamaza wenyewe. Injini hunyanyuliwa, upondo, mti mrefu wa kusukumia chombo, hushuka ubavuni, hugusa tope, hutoka na weusi wake mpaka alama ya maji, na watoto huanza kubahatisha kina kabla haujashuka tena. Kwenye mizizi ya mikoko kuna kaa wadogo wanaokimbilia upande wa pili wakiona kivuli. Mizizi hiyohiyo ina chaza, na chaza hukata kama wembe, kwa hiyo mtoto asishuke na malapa wala miguu mitupu. Viatu vya kufungwa, visivyojali maji.

Takwa hakuna duka. Bebeni maji ya kunywa mengi kuliko mnavyodhani. Mimi hufunga mahamri, sambusa, ndizi na machungwa. Wali wa nazi na samaki wa kuchoma tunakula tukisharudi mjini. Chukueni dawa ya mbu, kofia, na kanga mbili za ziada: moja ya kulalia aliyechoka, moja ya kujifutia. Kitambulisho au pasi ya kila mmoja iwe mfukoni kwa ajili ya tiketi, maana wageni wa kutoka nje ya Afrika Mashariki hutozwa zaidi, na nanyi mnatoka ng'ambo ya mpaka lakini si wa kundi hilo. Mnaopitia Horohoro na Lunga Lunga, kila mtoto awe na hati yake ya kusafiria, na cheti cha kuzaliwa kiwe karibu.

Mji wenyewe watu waliuishi kati ya karne ya 15 na ya 17, kisha wakauhama. Anzeni msikitini. Juu ya ukuta wa kibla imesimama nguzo, jambo ambalo ni nadra kuliona katika misikiti mingine, na watoto huiona kabla ya wakubwa. Waonyesheni kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, wapapase mawe, watafute alama za konokono na matumbawe ndani yake. Waonyesheni kisima pia, mkiwa mmewashika mikono. Kwenye kaburi lenye nguzo ndefu, la karne ya 17, wakatazeni kupanda. Watu wa Shela, kijiji cha kisiwani Lamu, ambao asili yao huhusishwa na Takwa, bado huja hapo kuzuru na kuomba dua ya mvua. Mtoto akielezwa hivyo hutulia. Nimeliona hilo kwa wangu na kwa wageni.

Upande wa pili, nyuma ya vilima vya mchanga, ni bahari kuu. Mawimbi yake si ya kuogeshea watoto. Waloweshe miguu ukingoni, mkono wako ukiwa kwenye mkono wao, kisha mrudi kivulini.

Kama mmefika siku za bamvua, msilazimishe. Asubuhi waleteni kwenye ngome ya Lamu, iliyomalizwa kujengwa mwaka 1821, wapande juu wautazame uwanja wa Mkunguni. Kisha mpande boti ya Shela, ambako maji yakiwa yamepwa ufuo huwa mpana na mchanga mgumu wa kukimbilia. Rudini kabla ya saa kumi, maji yakianza kuupunguza ule ufuo.